Istilahi "Akiba" katika Seva ya Majina

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizokwisha kuenea katika programu za simu, ipo moja ambayo, kwa maoni yetu, inastahili kutazamwa upya. Nayo ni "akiba", pamoja na kitenzi chake "kuakibisha".

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Chwaka ambayo mwenyewe ameiwekea seva yake ya majina. Katika mfumo wa majina ya vikoa, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, jina la tovuti hufungamanishwa na nambari. Seva hiyo iulizwapo mara ya kwanza jina liishialo na .tz, huanza kwenye seva za mzizi, ikaelekezwa kwenye seva za .tz, kisha kwenye seva ya mwenye jina. Jibu ikishalipata hulishika, ili atakayeuliza baadaye ajibiwe papo hapo nyumbani.

Lakini kila jibu huja na ukomo wake, uliopangwa na mwenye jina na kuhesabiwa kwa sekunde: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Ukomo ukifika, kwa kawaida jibu hilo huachwa, hata kama bado ni sahihi, na swali huulizwa upya.

Hapo ndipo istilahi inapokwama. Wahenga walisema akiba haiozi. Hiki tunachokizungumzia huoza kwa saa. Bei ya samaki iliyosikiwa mnadani asubuhi hupashwa nyumba kwa nyumba, pasipo kila mtu kuteremka pwani. Wala hakuna aiitaye akiba, kwani kesho itaulizwa nyingine.

Athari yake ni dhahiri. Tovuti ikihamishiwa nambari mpya, seva ya nyumbani huweza kuendelea kutoa ya zamani mpaka ukomo ufike. Dawa ni kufuta "akiba". Na mtu aliyelelewa kuithamini akiba huenda akasita, akidhani anapoteza mali yake.

Hapana shaka neno hili ni fupi, linajulikana, na limezaa kitenzi. Hata hivyo ufupi haufidii upotoshaji. "Kache" halimwelezi kitu asiyefundishwa, ila halimpotoshi. Sisi tunapendekeza "hifadhi ya muda", na "kuhifadhi kwa muda". Wafasiri na walimu waliokwisha kuizoea "akiba" tunawaomba waipime kwa swali moja: je, kitu hiki kimewekewa siku ya kwisha?