Kwa Nini Mhindi wa Kericho Alikuwa Dukani

Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua karibu 32,000 kutoka Bara Hindi. Takriban 2,500 walikufa, wapatao 6,700 wakabaki. Takwimu hizi zimerudiwa mno hata hazimshtui mtu tena, na kwa wengi wetu Kericho na Bomet, historia ya Wahindi inaishia hapo: reli, kisha duka.

Jaribio kubwa la kuipanua lilifanyika mwaka 2000 katika Makumbusho ya Nairobi, kwa maonyesho ya urithi wa Waafrika wenye asili ya Asia. Mbinu ilikuwa vitu na picha. Zarina Patel alishika njia nyingine. Katika kitabu chake cha 2006 alimfuata mtu mmoja, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi aliyezuiliwa na wakoloni tangu 1950 hadi 1961. Naiona mbinu hii kuwa bora zaidi. Anayechuma chai kwa kilo anaelewa mara moja kwa nini mtu afungwe kwa kudai mshahara. Lakini kitabu ni cha Kiingereza, na makumbusho yako Nairobi.

Kericho kwenyewe historia inaingia kwa chakula. Gurudwara ya hapa, hekalu la Masingasinga, imejengwa kumkumbuka Puran Singh, fundi aliyeishi na kufanya kazi katika mji huu kabla ya kuhamia Uingereza, alikofariki 1983. Yeyote anakaribishwa, awe wa dini yoyote. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi na wenzako, unapewa dengu na chapati bila malipo. Ukishashiba ndipo unapouliza: huyu alikuwa nani? Mpangilio huo ni wa busara sana, kwa sababu swali linatoka kwa mgeni mwenyewe.

Hata hivyo jibu analopewa ni la mtakatifu na imani yake, ilhali sisi wa huku tunahitaji pia jibu la ardhi. Serikali ya kikoloni ilizitenga nyanda za juu kwa Wazungu. Wahindi waliopewa mashamba walipelekwa chini, Kibos karibu na Kisumu. Huku juu walibanwa mjini, kwenye kaunta na karakana. Wakipsigis nao walinyang'anywa ardhi, na katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaja kupanda chai, mmea ulioletwa Kenya kutoka India. Sera moja ilimtoa Mkipsigis shambani na kumzuia Mhindi asiingie. Asiyeambiwa hivyo huamini kwamba Mhindi alizaliwa akipenda duka, na chuki hupata pa kuota.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ndogo na inawezekana: ramani moja ya mipaka ya ardhi ya enzi zile, yenye maelezo kwa Kiswahili na Kikipsigis, itundikwe pale wageni wanapovalia viatu baada ya kula. Na maisha ya Makhan Singh yatolewe kwa Kiswahili chepesi, yasomwe kwenye kambi za wafanyakazi wa chai.