KUFAFANUA SI KUBADILI MANENO

Zoezi la kueleza habari ya Kiingereza kwa maneno mengine limezoeleka katika shule za Kasese na Bwera hata ni wachache wanaojiuliza shabaha yake. Mwanafunzi hupewa aya, hufungua kamusi, huondoa neno moja na kutia jingine mahali pake. Akimaliza, sentensi ni ile ile, ila imevaa nguo za kuazima. Sisi twaona kwamba huko si kufafanua.

Tutwae mfano katika Kiswahili. Methali yasema: Haraka haraka haina baraka. Mtu akiandika, "Kasi kasi haina neema," amebadili maneno, wala hajaonyesha kuwa ameelewa. Akiandika, "Afanyaye jambo kwa pupa huikosa faida yake," ameishika maana kwanza, kisha akaisema kwa ulimi wake. Kiingereza nacho hufuata kanuni hiyo hiyo.

Hata hivyo uhuru huo una mpaka, nao waonekana vema katika kazi ya Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1969 ilitolewa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, akaiita Mabepari wa Venisi. Neno "bepari" lina asili ya Kihindi, na maana yake ya zamani ni mfanyabiashara. Kwa hiyo mfasiri ana utetezi. Lakini baada ya Azimio la Arusha la 1967, neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa hukumu. Zaidi ya hayo, Shakespeare amtaja mtu mmoja, naye ni Antonio. Nyerere ataja wengi. Kama uhakiki, anwani hiyo twaisifu, kwa kuwa yatualika tumpime Antonio kwa mizani ile ile ya Shylock. Kama ufafanuzi, imezidisha. Nyerere aliteua maneno yake. Mwanafunzi huzidisha bila kujua, na hapo ndipo penye hatari.

Watu wa Bwera waijua hatari hiyo. Katika soko la Mpondwe, mpakani mwa Kongo, muuzaji aweza kusema Kikonzo, mnunuzi akajibu kwa Kiswahili, na mtu wa tatu akawapelekea maneno. Halazimiki kurudia neno kwa neno. Lakini akigeuza "nitalipa nikiuza" kuwa "nitalipa", sharti limepotea na ugomvi umezaliwa.

Basi twawaomba walimu wenzetu: mwanafunzi asome aya, afunge kitabu, aieleze kwa mdomo, kwa Kikonzo au kwa Kiswahili, ndipo aandike Kiingereza chake. Kisha airudie aya ya asili akitafuta mambo matatu: kilichopungua, kilichozidi na kilichogeuzwa. Usahihishaji wa namna hii wataka muda. Lakini asiyeweza kueleza maneno ya mwenziwe kwa uaminifu hataweza kumpinga kwa haki.