Tokyo Iliwanyima SL3 Uwanja Wao

Matokeo ya Mariam Eniola Bolaji dhidi ya Oksana Kozyna wa Ukraine mnayakumbuka: 21-9, 21-9. Ilikuwa Septemba 2, 2024, ukumbi wa Porte de La Chapelle jijini Paris, na Mnigeria huyo wa miaka 18 akaipa Afrika medali yake ya kwanza kabisa ya badminton, iwe Olimpiki au Paralimpiki. Alistahili shaba ile bila ubishi. Ninalotaka kulichambua ni kosa lililofanyika kabla ya hapo, kwa sababu sijasikia likisemwa kwa uzito unaolifaa.

Badminton ilipoingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza, katika michezo ya Tokyo iliyochezwa 2021, ilipewa mashindano 14. Wanaume walipata vitengo vyote sita vya mchezaji mmoja mmoja. Wanawake walipata vinne tu: WH1 na WH2 za viti vya magurudumu, SL4 ya ulemavu mwepesi zaidi wa mguu, na SU5 ya ulemavu wa mkono. SL3 ya wanawake, kitengo cha Bolaji, iliachwa nje, na SH6 ya wafupi wa kimo vilevile. Kumbukeni kwamba SL3 ya wanaume ilikuwepo. Ndiyo fainali ile Pramod Bhagat wa India alipomlaza Daniel Bethell wa Uingereza. Waliopanga ratiba walijua vizuri kwamba kitengo hiki kina mchezo wake. Waliwawekea wanaume, wakawanyima wanawake.

Hoja ya uchache haikosekani katika mambo haya: wachezaji hawatoshi, nchi hazitoshi. Lakini ni shirikisho gani litalipia kocha, ukumbi na tiketi ya ndege kwa msichana ambaye kitengo chake hakimo katika ratiba? Ukimfungia mtu mlango huwezi kugeuka ukasema hakuna anayeingia. Uamuzi ule ulikuwa mbaya siku ulipofanywa, na ubaya wake zaidi ni wa kiufundi, maana waliotakiwa kuelewa mchezo hawakuuelewa.

SL3 huchezwa nusu uwanja. Upana unakatwa nusu, lakini urefu haupungui: mita 6.70 kila upande wa wavu. Mchezaji ana ulemavu wa mguu mmoja au yote miwili, anacheza akiwa amesimama, na uwanja wake ni ukanda mwembamba mrefu. Mpira wa kukata kona, ule unaomwokoa mchezaji wa SL4 akibanwa, haupo. Linabaki swali moja tu: mbele au nyuma? Klia, lile pigo refu la juu, ikifika mstari wa nyuma, mpinzani analazimika kurudi kinyumenyume kwa mguu usiomtii, na dropu, pigo fupi la karibu na wavu, inayofuata inamkuta bado anatafuta mizani. Klia hiyo hiyo ikipungua mita moja, umemwandalia smashi. Ndiyo maana kinyoya huenda na kurudi mara nyingi sana kabla ya pointi kupatikana. Siku ile ile ya shaba ya Bolaji, Nitesh Kumar alimshinda Bethell 21-14, 18-21, 23-21 katika fainali ya wanaume iliyochukua saa moja na dakika ishirini. Mliodhani nusu uwanja ni nusu kazi mlijionea.

Sasa mchukueni mwanamke aliyekomaa katika mchezo huo, mwambieni kitengo chako hakipo, kacheze wawili wawili. Hapo uwanja ni mzima. Wapinzani wanamtafuta yeye kila mara, wanamchezea mwilini au wanamvuta pembeni, na mwenzake anakimbia kwa niaba ya wawili. Subira yake, urefu wa klia zake, ujanja wake wa mbele na nyuma, vyote havina pa kutumika. Hilo ndilo lililompata Parul Parmar wa India. Mimi bado namweka Parmar juu ya wote waliowahi kushika raketi katika SL3 ya wanawake, Bolaji akiwemo, na sitarudi nyuma kwa hilo. Bingwa wa dunia mara kadhaa, alifika Tokyo akiwa na miaka 48, akapangwa na Palak Kohli ambaye hakuwa amefikisha 20, na hawakuvuka hatua ya makundi. Manasi Joshi, aliyemshinda Parmar katika fainali ya dunia kule Basel 2019, hakucheza Tokyo hata kidogo. Bingwa wa dunia akabaki nyumbani huku mashindano ya kwanza ya historia yakichezwa! Paris walipokifungua kitengo, Parmar alikuwa na miaka 51.

Wasomaji wangu wa Nakuru wanalijua donda hili, kwa sababu nimeshaligusa kwenye riadha. Mkimbiaji wetu Henry Kirwa alirudi kutoka Paralimpiki ya Beijing 2008 na dhahabu tatu: mita 1,500, mita 5,000 na mita 10,000. Kipaji kilikuwa chake, lakini pia alizikuta mbio zake kwenye ratiba. Ilipofika London 2012, mita 10,000 haikuwepo tena, na hakuna nchi iliyoumia kama Kenya. Tulinung'unika kidogo tukanyamaza. Huku Bonde la Ufa tuna tabia ya kumwonyesha kila mtoto barabara ya vumbi akimbie, mwenye ulemavu na asiye nao, kana kwamba mchezo mwingine haupo.

Na kama tunataka msichana wa Njoro au Lanet aifuate njia ya Bolaji, tuanze na kinyoya chenyewe. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na kinyoya kinaenda mbali kuliko mpigaji alivyokusudia. Kipimo cha kanuni kinajulikana: simama mstari wa nyuma, piga kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu, na kinyoya kitue kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Jaribu hapa na kinyoya cha kasi ya pwani, utakiona kikitoka nje. Kwa vile vya plastiki angalia utepe kwenye kichwa: kijani ni cha polepole, buluu cha wastani, nyekundu cha kasi. Hapa kwetu ni kijani. Kocha anayefundisha kwa buluu au nyekundu anamzoesha mtoto kupiga kwa mkono uliozuiwa, na katika SL3 huo ni msiba. Akishuka Kampala, zaidi ya mita 600 chini yetu, klia zake zinaanza kupungua. Akifika Paris zinaanguka katikati ya uwanja na anapigwa smashi mchana kutwa.

Nataja Kampala kwa makusudi. Uganda imeandaa mashindano ya kimataifa ya badminton ya walemavu kwa miaka kadhaa, Bolaji mwenyewe ameyacheza, na wachezaji kama Ritah Asiimwe wametokea huko. Kutoka Nakuru ni safari ya basi la usiku kupitia Eldoret na Malaba. Hatuhitaji kungoja mwaliko wa Ulaya.

Paris walirekebisha kosa la Tokyo, na nawapongeza kwa hilo: SL3 na SH6 za wanawake ziliingia, pamoja na SH6 ya wawili mchanganyiko, mashindano yakafika 16. Lakini hesabuni vizuri. Kumi na nne na tatu ni kumi na saba. Lililofutwa ni wanawake wawili wawili wa SL3 hadi SU5, lile lile walilosukumiwa Parmar na wenzake badala ya uwanja wao. Leani Ratri Oktila na Khalimatus Sadiyah wa Indonesia, waliolitwaa kwa dhahabu Tokyo, hawakupewa nafasi ya kulitetea.