Waridi kwa Daraja: Macho Yangu Yamechagua Intensi

Intensi! Acha niliseme mapema, maana siwezi kulizuia: kama utanunua almasi moja tu ya waridi maishani, ya asili, iliyotoka ardhini na rangi yake, nenda moja kwa moja kwenye daraja la fensi intensi na usikubali kushushwa wala kupandishwa. Nimeziona, jamani! Zilipangwa juu ya karatasi nyeupe, mezani kwa mfanyabiashara wa vito mjini Dubai, kuanzia iliyopauka hadi iliyokolea, na mpaka sasa moyo unanienda mbio.

Ngazi yenyewe ni ya GIA, Taasisi ya Vito ya Marekani, ambayo vyeti vyake ndivyo wanunuzi wengi hudai kuviona kabla ya kutaja bei. Almasi nyeupe husifiwa kwa kukosa rangi. Hizi husifiwa kwa kuwa nayo, na kadiri inavyokolea ndivyo heshima inavyopanda: feinti, veri laiti, laiti, fensi laiti, fensi, fensi intensi, kisha fensi vividi kileleni. Zipo pia fensi dipu na fensi daki, ambamo rangi inaelekea gizani. Mpimaji huliweka jiwe ndani ya sanduku lenye mwanga maalumu, hulitazama kwa juu, akalilinganisha na mawe ya mfano. Anapima ni waridi ya namna gani, nyepesi au nzito kiasi gani, na imekolea kiasi gani.

Feinti nilidhani ni nyeupe. Ilibidi iwekwe kando ya almasi nyeupe kabisa ndipo nikaona: maji yaliyodondoshewa tone moja la juisi ya rozela. Laiti ni nzuri, ya kistaarabu, nikapita. Fensi laiti ilinisimamisha kidogo, na fensi ikanikalisha chini, kwa sababu hapo hakuna tena kuuliza kama jiwe lina rangi. Linayo, na unaiona kutoka upande wa pili wa meza.

Halafu intensi. Lo! Rangi haikuwa imekaa juu ya jiwe, ilikuwa inatoka ndani. Kila nilipoligeuza kwa kibano, cheche zenyewe zilikuwa za waridi, si nyeupe zilizochanganyika na waridi kama kwenye madaraja ya chini. Na bado lilikuwa na uwazi, bado lilikuwa almasi, linapumua, linacheka na mwanga. Vividi iliyokuwa pembeni ilikuwa na nguvu zaidi, sikatai, karibu iunguze macho. Lakini macho yangu yalirudi kwenye intensi kila mara, na mkono nao ukafuata.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo litakalokuokolea fedha. Kila daraja lina upana. Fensi iliyokaribia kabisa intensi, na intensi iliyoingia kwenye daraja lake kwa shida, zinaweza kukaa vidoleni mwako zikakushinda kuzitofautisha, ilhali cheti kimoja kinabeba bei kubwa kuliko kingine. Kwa hiyo unapoambiwa intensi, omba kuona ya pili na ya tatu za daraja hilohilo. Zile nilizooneshwa hazikufanana hata kidogo! Moja ilikuwa imekolea kila upande; nyingine ilikuwa na dirisha katikati, sehemu iliyopauka ambapo rangi inakimbilia pembeni. Daraja moja, uzuri mbalimbali. Chagua kwa macho kwanza, kisha ndipo usome karatasi.

Ukishaisoma, soma pia neno linalotangulia waridi. Waridi tupu ndiyo inayolipiwa zaidi kwa kawaida. Ikiandikwa ina zambarau kidogo, mimi nafurahi kupita kiasi, kwa sababu zambarau huipa waridi ubaridi na kina. Ikiandikwa ina hudhurungi, bei hushuka, na kwa macho yangu inastahili kushuka. Mfano mkubwa wa neno moja uko mnadani. Oktoba 2022, Sotheby's ya Hong Kong iliuza Williamson Pink Star, karati 11.15, fensi vividi ya waridi tupu, kwa dola milioni 57.7. Juni 2023, Sotheby's ya New York ikauza Eternal Pink, karati 10.57, fensi vividi yenye zambarau, kwa dola milioni 34.8. Zote mbili safi kabisa ndani, zote mbili zimechongwa kwa umbo la mto. Piga hesabu: zaidi ya dola milioni 5 kwa karati dhidi ya kama milioni 3.3. Soko nalo hupanda na kushuka, siliwekei neno hilo lawama yote, lakini mimi ningeibeba Eternal Pink kwa furaha tele!

Na Williamson Pink Star ni yetu, ya Tanzania! Ilikatwa kutoka jiwe ghafi la karati 32.32 lililochimbwa Mwadui, Shinyanga, katika mgodi ambao Mkanada John Williamson aliugundua mwaka 1940. Ndiko pia lilikotoka, mwaka 1947, jiwe la karati 54.5 ambalo Williamson alimzawadia Princess Elizabeth kwa harusi yake, likachongwa hadi karati 23.6 na mwaka 1953 Cartier wakaliweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Msomaji wa Shinyanga, ukisikia matajiri wa Hong Kong wanagombea waridi, jua wanagombea udongo wa nyumbani kwenu.

Rangi hii inatoka wapi? Almasi ya manjano ina naitrojeni, ya buluu ina boroni. Ya waridi kwa kawaida haidai kitu cha ziada. Ilikandamizwa na kupindwa huko chini hadi mpangilio wa atomu zake ukateleza, na upindo huo ndio unaoinyima nuru ya kijani na kutuachia waridi. Kwenye baadhi ya mawe nilishika lenzi na nikaona kwa macho yangu rangi ikiwa imejipanga katika mistari myembamba, na sehemu iliyobaki karibu nyeupe! Hudhurungi nayo ni ndugu wa upindo huohuo, ndiyo maana mara nyingi zinatembea pamoja.

Mgodi wa Argyle, Australia Magharibi, ulitoa zaidi ya asilimia 90 ya waridi zote za dunia kuanzia 1983, ukafungwa Novemba 2020. Mawe yake yana ngazi yao wenyewe, ya 1 hadi 9, na hapo namba ndogo ndiyo iliyokolea, kwa hiyo usiidharau 2 ukaikimbilia 8. Mengi ni madogo na yana dosari ndani. Mimi dosari isiyoonekana bila lenzi hainishughulishi kabisa kwenye waridi. Rangi kwanza.

Mwanga, tafadhali! Taa kali za dukani hutawanya cheche nyingi hadi rangi inazama. Omba kusogea dirishani, kwenye kivuli cha mchana, ugeuze jiwe polepole. Umbo la mto au la mraba lenye pembe zilizokatwa hushika rangi vizuri kuliko duara. Mwambie sonara akiweke kito juu ya kikombe cha dhahabu nyekundu, na mikono ya pete iwe platinamu. Fensi laiti iliyonisimamisha kidogo nikaiona tena ndani ya pete ya namna hiyo, wallahi ilipanda daraja zima machoni pangu. Na cheti kiseme waziwazi kwamba jiwe ni la asili na rangi yake pia ni ya asili, kwa sababu waridi za maabara na nyeupe zilizogeuzwa kwa mionzi na joto zipo tele, kwa bei ndogo mno.

Kama fedha hazitoshi intensi kubwa, usikimbilie ukubwa kwa kushuka hadi laiti. Chukua intensi ndogo, hata ya robo karati, iliyokolea ukingo hadi ukingo. Nilishika ya ukubwa huo mwishoni, imechongwa kwa umbo la mto, ina zambarau kidogo, na hiyo ndiyo ningeilipia siku ileile.