Namna ya Kuitambua Fomu ya Mtandaoni Iliyofanywa kwa Ustadi

Mwenye kutaka kuipima fomu ya mtandaoni asitazame kwanza rangi zake, bali achunguze ni wapi hukumu inapotolewa: katika kivinjari cha mjazaji, au katika seva iipokeayo. JavaScript, aliyoibuni Brendan Eich mwaka 1995, aghalabu hutenda kazi ndani ya kivinjari, ilhali PHP, aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka huohuo, hubaki kwenye seva, na mjazaji haoni ila matokeo yake. Kwa hiyo msimbo uliomo mikononi mwa mjazaji, ambao aweza kuuzima, kuubadili au kuukwepa kabisa, wafaa kumhudumia yeye, wala hauwezi kuwa dhamana ya mwenye fomu.

Chukua fomu ya tiketi za safari, uzime JavaScript, uandike tarehe ya kurudi inayoitangulia ya kuondoka, kisha uitume. Ikiwa njema, itarudi na yote uliyoyajaza yakiwa mahali pake, na kosa limetajwa kando ya kisanduku chake; ikipokelewa bila swali, ujue kwamba seva haikukagua kitu. Nauli nayo, ingawa kivinjari huijumlisha papo hapo kwa manufaa ya msafiri, sharti seva iihesabu upya kutoka katika kumbukumbu zake yenyewe.

Lakini jaribio nilithaminilo kuliko yote ni kuandika, penye makazi, Ng'ambo ya Unguja. Msimbo wa kivinjari ulioandikwa na mtu aliyedhani kuwa majina yote ni herufi tupu utaikataa ile alama ya juu, na huko ni kumnyima mtu anwani yake. Kwenye seva hatari ni kubwa zaidi, kwa maana katika SQL alama hiyohiyo ndiyo ifungayo maneno, hata fundi aliyeunganisha maandishi ya mjazaji na amri ya hifadhidata huikuta amri imekatika, na mwenye nia mbaya akapata upenyo wa kuiendeleza kwa amri yake. Fundi mahiri huitayarisha amri kwanza, ikiwa na nafasi wazi, ndipo akaipelekea thamani peke yake. Nao ukurasa wa uthibitisho ukiandika Ng\'ambo, hayo ni mabaki ya kinga ya zamani ambayo PHP yenyewe iliiondoa katika toleo la 5.4, mwaka 2012.

Kivinjari nacho kina adabu zake: kisimkaripie mtu kwa herufi ya kwanza ya barua pepe, bali kingoje atoke katika kisanduku.

Mwisho, ukiisha kutuma, pakia upya ukurasa. Kivinjari kikiuliza kama data itumwe tena, basi seva haikumhamishia mjazaji kwenye ukurasa mwingine baada ya kupokea, na kwenye mtandao wa polepole msafiri asiye na subira ataweza kununua tiketi ileile mara mbili.