Karatasi ya Bwana Darwin



Kijana mmoja wa parokia yetu alinijia na daftari. Alikuwa akifikiri kuoa. Amepiga mstari katikati ya ukurasa. Kuume ameandika faida za kuoa, kushoto hasara zake. Akaniuliza: «Mwalimu, hesabu yangu ni sawa?» Sikumjibu. Nilimweleza kwanza karatasi ya mtu mwingine, nami leo nataka kuipima mbele yenu.

Njia hiyo ya mstari katikati ni ya zamani. Mwaka 1772 Benjamin Franklin wa Amerika alimwandikia rafiki yake Joseph Priestley, aliyekuwa akisitasita juu ya kazi mpya. Hakumwambia aamue nini, bali namna ya kuamua. Gawa karatasi. Kwa siku tatu au nne andika kila sababu inayokujia, za kukubali upande huu, za kukataa upande ule. Kisha pima uzito: sababu moja ikilingana na moja ya upande wa pili, zifute zote mbili, moja ikilingana na mbili, futa tatu. Ngoja siku moja au mbili tena. Kisipotokea kitu kipya, fuata upande uliozidi. Ni shauri jema. Sababu tuliyoiona jana leo imekwisha kututoroka, lakini karatasi inazikalisha zote pamoja.

Mwaka 1838 Charles Darwin, yule Mwingereza mtaalamu wa viumbe, naye aliandika ukurasa wake: kuoa, kutooa. Kwa kuoa: watoto, Mungu akipenda, mtu wa kutunza nyumba, mwenzi wa uzee, aliye bora kuliko mbwa. Kwa kutooa: uhuru wa kwenda atakako, mazungumzo na watu wenye akili, fedha za vitabu. Watu wanamcheka kwa ajili ya yule mbwa. Mimi pia nimecheka, lakini namsifu: hakujipamba.

Basi, tazama anavyomaliza. Haamui kwa hesabu. Ghafula anajiona akifanya kazi maisha yake yote kama nyuki asiye na uzao, peke yake katika nyumba chafu ya London; kisha anamwona mke mwema ameketi karibu na moto. Hapo anaandika mara tatu kwamba ataoa. Moyo ndio uliopima. Kwa hilo simlaumu, kwa maana hata Franklin alikubali kwamba uzito wa sababu haupimwi sawasawa kama namba.

Ninalomlaumu ni lingine. Katika ukurasa ule mke ni kitu cha kumfaa au kumzuia mumewe, basi. Anapofikiri kwamba labda mke hataipenda London, anaihesabu kuwa adhabu yake yeye Darwin! Mke atapata nini, atapoteza nini, haulizi. Jina la Emma Wedgwood, aliyemwoa tarehe 29 Januari 1839, halimo. Wala halimo jambo lililomsumbua Emma kabla ya arusi, hata akamwandikia mchumba wake: hofu kwamba mawazo yao juu ya dini hayapatani. Lingewezaje kuwamo? Mwenye kalamu alijiuliza mwenyewe tu.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Roho kilichopigwa chapa Roma mwaka 1548, naye anataka tupime faida na hasara. Lakini anaongeza: mfikirie mtu usiyemjua kabisa, unayemtakia mema, ungempa shauri gani? Tena, saa ya kufa utapenda uwe umeamua nini? Kwa maswali hayo mtu anatoka kidogo katika tamaa zake.

Nilimwuliza yule kijana: «Binti mwenyewe ameliona daftari hili?» Akainama.

Jumapili ya pili alirudi. Upande wa hasara palikuwa na mistari miwili ya mwandiko mwingine: mmoja juu ya madeni ya kijana, mwingine juu ya mama yake, ambaye angekaa nao. Alikuwa hajaamua bado.