Wekundu wa chai ya Kapkatet: polima au umati wa molekuli?

Jani bichi la chai linapopimwa kituoni na kupakiwa kwenye lori kuelekea kiwanda cha Kapkatet, huko Kericho nchini Kenya, ndani yake hamna rangi nyekundu hata tone. Wekundu wote tunaouona kikombeni hutengenezwa kiwandani, katika saa moja au mbili zilizopo kati ya mashine ya kusaga na tanuri la kukaushia. Wanakemia wamelijua hilo tangu zamani. Kilichowashinda ni kusema wekundu huo ni kitu gani. Kwa miongo kadhaa vitabu viliandika kwamba sehemu yake kubwa ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli ndogondogo zilizoungana. Mwaka 2010 watafiti wa Bremen, Ujerumani, walitoa matokeo yanayosema vingine. Nimeamua kuifuata kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu naamini tatizo lilikuwa kwenye vipimo kuliko kwenye chai, na kwa sababu watu wa Kericho na Bomet wana haki ya kwanza ya kujua kilichomo ndani ya zao lao.

Tuanze na jani lenyewe. Mchumaji huchagua majani mawili na chipukizi kwa kuwa humo ndimo katekini zilimojaa: robo ya uzito mkavu wa jani changa, na wakati mwingine zaidi. Katekini hazina rangi. Ndani ya seli hukaa kwenye kifuko chenye maji, na kimeng'enya kinachoweza kuzioksidisha hukaa mbali nazo, kwenye kloroplasti. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Kiwandani majani hunyaushwa kwanza usiku kucha ili yapungue maji, kisha hupitishwa kwenye mashine ya CTC iliyobuniwa na William McKercher huko Assam miaka ya 1930. Ni rola za chuma zenye meno, mbili mbili, moja ikizunguka kwa kasi ya takriban mara kumi ya mwenzake. Jani huchanwa na kupondwa hadi kuta za seli zinapasuka, na hapo katekini, kimeng'enya na oksijeni ya hewani hukutana kwa mara ya kwanza. Ukisimama karibu utaona kijani kikififia na rangi ya shaba ikichukua nafasi, huku harufu ya majani mabichi ikigeuka kuwa tamu kama ya matunda.

Kinachotokea hapo kinaweza kuelezwa kwa hesabu ya kaboni tu. Kimeng'enya hicho, chenye shaba ndani yake, huinyang'anya katekini haidrojeni mbili na kuigeuza kuwa kwinoni, molekuli isiyotulia inayotafuta mwenza. Kuna katekini ambazo mojawapo ya pete zake imebeba vikundi viwili vya haidroksili, na nyingine zenye vitatu. Kwinoni ya aina ya kwanza ikikutana na ya aina ya pili, pete zao huungana na kuzaa pete mpya ya kaboni saba. Katekini mbili rahisi zina kaboni 15 kila moja, jumla 30. Zao lao, theaflavini, lina 29. Kaboni moja iliyopotea imetoka kama hewa ya ukaa. Mwanakemia Takino na wenzake walieleza umbo hilo mwaka 1965, na tangu wakati huo hakuna aliyelipinga. Theaflavini kuu ni nne, zina rangi ya chungwa ing'aayo, na kila moja inajulikana atomi kwa atomi.

Lakini theaflavini ni sehemu ndogo tu ya kilichomo kikombeni. Zinazobaki, ambazo ndizo nyingi, huitwa thearubigini, na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Jina hilo lilitoka kwa E. A. H. Roberts, mwanakemia Mwingereza aliyeichunguza chai kwa miaka mingi. Alitumia kromatografia ya karatasi: tone la chai huwekwa pembeni mwa karatasi, kiyeyusho hupanda polepole, na kila dutu husimama mahali pake. Theaflavini zilijitokeza kama madoa yanayoeleweka. Zilizosalia zilitambaa na kuacha mchirizi wa kahawia usio na mwanzo wala mwisho. Mchirizi huo ndio alioupa jina. Mwaka 1961 yeye na R. F. Smith walichapisha njia ya kuupima, na njia hiyo ilienea katika maabara za chai duniani. Chai iliyotengenezwa kwa maji moto hutikiswa pamoja na kiyeyusho kisichochanganyika na maji. Theaflavini hupanda kwenye tabaka la juu pamoja na baadhi ya thearubigini, na nyingine hubaki chini. Tabaka la juu huoshwa kwa sodiamu baikaboneti ili thearubigini zenye asidi zitoke. Baada ya hapo hupimwa kiasi cha mwanga kinachonyonywa na kila sehemu, kwenye nanomita 380 na 460.

Hapa msomaji avute subira kidogo, maana hapa ndipo kiini kilipo. Katika njia hii thearubigini hupatikana kwa kutoa: chukua rangi yote, toa ya theaflavini, kinachobaki kipe jina moja na kizidishe kwa namba moja isiyobadilika. Namba hiyo inachukulia kwamba kila kilichobaki hunyonya mwanga kwa kiwango kilekile. Ni njia nzuri ya kulinganisha chai ya leo na ya jana katika maabara ileile. Kuhusu umbo la molekuli haisemi lolote.

Umbo lilitafutwa kwa njia nyingine. Mwaka 1969 kundi la W. D. Ollis lilichapisha katika jarida la Nature kwamba thearubigini ni polima za proanthosayanidini. Hoja yao ilitokana na asidi: ukichemsha thearubigini katika asidi, hupatikana rangi nyekundu za sayanidini na delfinidini, ambazo polima za aina hiyo hutoa zikikatika. Wengine walikisia uzito wa molekuli hizo, na makadirio yakatawanyika kutoka 700 hadi 40,000. Mtawanyiko wa namna hiyo ulipaswa kuwa onyo. Ukivunja kitu na kupata kipande fulani, umethibitisha kwamba kipande hicho kilikuwemo. Bado hujathibitisha kwamba kitu kizima kimejengwa kwa vipande hivyo.

Katika historia ya polima kuna kisa kilichokwenda kinyume cha hiki. Hermann Staudinger alipodai mwaka 1920 kwamba mpira ni minyororo mirefu, wenzake wengi walishikilia kwamba ni molekuli ndogo zilizojikusanya tu. Alishinda, na mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobeli. Baada ya ushindi huo, kila kilichokuwa kizito, cha kahawia na kisichotaka kutengana kilikuwa rahisi kuitwa polima. Nadhani chai ilibebwa na wimbi hilo.

Wakati hayo yakiendelea Ulaya, Kericho ilikuwa na swali lake. Taasisi ya utafiti wa chai iliyoanzishwa hapo mwaka 1951 kwa ajili ya Afrika Mashariki yote, ambayo ikawa Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya mwaka 1980 na sasa iko chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, ilitaka kujua kama kemia inaweza kutabiri bei. Malawi walikuwa wametangulia: mwaka 1972 Hilton na Ellis walionyesha kwamba chai yenye theaflavini nyingi ilithaminiwa zaidi. P. Okinda Owuor na wenzake walipochapisha ulinganisho wa namna hiyo kwa chai ya Kenya mwaka 1986, uhusiano haukuwa imara kama ule wa Malawi. Mtu mwingine angeiacha hoja hapo. Wao waligeukia theaflavini moja moja. Jumla inaficha jambo kubwa: theaflavini yenye vikundi viwili vya asidi ya galiki ina ukali wa ulimini wa takriban mara 6.4 ya ile isiyo na hata kimoja, na yenye kimoja takriban mara 2.2. Chai mbili zenye jumla sawa zinaweza kuwa tofauti kabisa mdomoni. Owuor na Ian McDowell walipendekeza mwaka 1994 kila moja ihesabiwe kwa nguvu yake, na hesabu hiyo ilitumika tena baadaye kulinganisha chai ya Kenya na ya Afrika ya Kati.

Kazi ya Kericho ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 2001, ya Obanda, Owuor na Mang'oka, iliyofuatwa na nyingine mwaka 2004. Walibadilisha halijoto na muda wa kuchachusha, yaani kipindi ambacho jani lililosagwa huachwa lioksidike kabla ya tanuri, na kupima kila mara. Halijoto ikiwa ya chini na muda mfupi, theaflavini huwa nyingi na chai hung'aa. Joto likipanda na muda ukirefushwa, thearubigini huongezeka, rangi hukolea, mng'ao hupungua. Sababu yake ni kwamba theaflavini hazikai salama: zikiachwa humo nazo huoksidishwa na kuingia katika kundi la thearubigini. Kwa hiyo msimamizi wa kiwanda anayechelewa kupeleka majani kwenye tanuri anatumia akiba aliyokwisha kuitengeneza. Hakuna aliyehitaji kujua umbo la thearubigini ili kupata maarifa hayo, na yana faida ya moja kwa moja kwa mkulima anayesubiri bonasi.

Swali la umbo lilirudi kwa mlango ambao kila nyumba inaujua. Chemsha chai kavu, kali, bila maziwa, uiache ipoe. Itatanda ukungu. Ipashe moto, itang'aa tena. Ukungu huo ni kafeini iliyoshikana na theaflavini na thearubigini, mshikamano unaoachia kwa joto. Kundi la Nikolai Kuhnert, wale watafiti wa Bremen niliowataja mwanzoni, likiwa na Michael Clifford wa Chuo Kikuu cha Surrey, lilitumia tabia hiyohiyo: likaongeza kafeini ili thearubigini zizame, kisha likaiondoa kafeini na kubaki na unga wa kahawia. Unga huo ukipitishwa katika mashine za kawaida za kromatografia hutoa nundu moja pana. Ni kama umati wa siku ya soko unaotazamwa kutoka mlimani, rangi moja isiyo na sura hata moja.

Walichofanya ni kuupeleka kwenye spektromita ya tungamo yenye sumaku kubwa. Molekuli hupewa chaji na kunaswa ndani ya uga wa sumaku, ambamo huzunguka. Nyepesi huzunguka haraka, nzito polepole, na kasi ya mzunguko husomwa kwa usahihi unaotenganisha uzito hadi tarakimu ya nne baada ya nukta. Kwa usahihi huo uzito pekee unatosha kukadiria fomula ya molekuli. Walipima chai nyeusi 15 za madukani. Kwa wastani walikuta thearubigini zipatazo 5,000, nyingi zikiwa na uzito kati ya 300 na 1,000. Katekini moja kubwa ya chai ina uzito wa 458. Basi zilizo nyingi ni jozi, au tatu tatu, au katekini moja iliyobadilishwa. Mnyororo mrefu haukuonekana.

Data za aina hiyo huzamisha mtu, na walijiokoa kwa chombo cha kale: mchoro alioubuni Mholanzi D. W. van Krevelen mwaka 1950 kwa ajili ya makaa ya mawe. Kila molekuli huwekwa kama nukta kulingana na uwiano wa haidrojeni kwa kaboni na wa oksijeni kwa kaboni. Nukta za chai zilijipanga kwa mistari. Tofauti iliyojirudia kati ya jirani na jirani ilikuwa 15.995, uzito wa oksijeni moja. Kutokana na hilo walipendekeza kwamba kwinoni haisubiri katekini nyingine tu. Hushambuliwa pia na maji yaliyomo kwenye jani, hupata haidroksili mpya, huoksidishwa tena, na mzunguko hurudiwa. Molekuli hukua kwa kuongezewa oksijeni zaidi kuliko kwa kurefuka.

Mimi nashawishika, ingawa si mwisho wa mjadala. Mashine hizo huona molekuli ndogo kwa urahisi kuliko kubwa, na kile kisichokubali chaji hakionekani kabisa. Takashi Tanaka wa Nagasaki na wenzake, wanaoiga uchachushaji ndani ya vyombo vya majaribio, wanaendelea kueleza dutu kubwa zaidi zinazotokana na theaflavini na katekini kuungana. Yawezekana kikombe kina vyote viwili. Kisichoweza kutetewa tena ni kuiandika thearubigini kwenye ripoti ya maabara kama kitu kimoja chenye asilimia moja.

Kazi iliyobaki inafaa kufanyiwa palepale majani yanapochumwa. Kloni ya zambarau TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, huingia kiwandani ikiwa na rangi za anthosayanini ambazo chai ya kawaida yenye majani ya kijani haina, na anthosayanini nazo zina pete zinazooksidika. Ningependa kuona majani yake na ya kloni 6/8, inayosifika kwa ubora, yakisagwa asubuhi moja, yakichachushwa kwa halijoto moja, na sampuli zikigandishwa kila baada ya dakika kumi kwa ajili ya sumaku ile. Obanda na wenzake wamekwisha kutuonyesha saa na halijoto za kuchagua.